Molu Dado Ajifunza Kulala Mchana

Molu Dado alikuwa mtu wa kujisifia jambo moja tu, nalo lilikuwa usingizi wake. Hakujisifia nguvu, maana hakuwa nazo nyingi, wala maneno, maana barazani alisema machache, tena akiwa wa mwisho. Lakini usingizi wake aliujua vizuri.

"Mimi nikilala," alikuwa akisema, "yanalala macho. Masikio hayalali."

Wala hakuwa akiongopa. Tangu ujana wake alilala nje ya zizi, juu ya ngozi, mgongo wake karibu na ua wa miiba, na upande wa pili wa miiba ng'ombe wa baba yake walipumua usiku kucha. Masikio yake yalijua sauti ya ng'ombe anayecheua kama wengine wanavyoijua saa ya ukutani. Fisi akinyemelea, ng'ombe mmoja huacha kucheua, kisha wa pili. Hapo hapo Molu alikuwa wima na mkuki mkononi kabla hajatambua kwamba ameamka. Akimfukuza fisi alirudi kwenye ngozi yake akalala tena, na alfajiri aliswali akiwa mzima kabisa.

Mvua ya mwaka wa tisini na saba, ile ambayo redio iliiita Elninyo, ilimwondolea ng'ombe ikamwachia usingizi huo. Mto Tana ulitoka mahali pake ukakaa juu ya nchi kwa miezi. Ng'ombe waliozama walizama. Waliobaki walisimama majini mpaka kwato zikaoza, na maji yalipopungua ikaja homa ikawamaliza. Kufikia katikati ya mwaka uliofuata, Molu na mkewe Abdia walikuwa wamehamia pembeni mwa mji wa Garsen, kwenye chumba cha udongo na mabati, na hawakuwa na hata ndama.

Kwa Waorma wa zamani hilo halikuwa mwisho wa mtu. Aliyefilisika alichukua fimbo yake akazunguka kwa watu wa ukoo wake. Hakuomba. Alikaa siku mbili tatu kwenye kila kijiji, akanywa maziwa, akazungumza habari za mvua na malisho, na asubuhi ya kuondoka alikuta ng'ombe amefungwa kamba mbele ya nyumba. Huku mtamba, kule ng'ombe mwenye ndama. Akarudi kwake na kundi, na baada ya miaka michache hakuna aliyekumbuka kwamba mtu huyo aliwahi kutembea mkono mtupu. Baba yake Molu aliinuliwa hivyo. Molu mwenyewe aliwainua wengine, na hakuwahi kuhesabu ametoa wangapi, kwa kuwa kuhesabu ilikuwa aibu.

Basi naye akazunguka. Alikwenda kwenye vijiji vyote ambavyo ng'ombe wake waliwahi kuingia. Zamani mtu aliyepoteza ng'ombe alipewa ng'ombe. Molu alipewa pole. Walimwambia kwamba mafuriko hayakumwacha mtu, na wengine walisema kweli, lakini wengine walisema hivyo huku mifugo yao ikilia nyuma ya nyumba. Ni mmoja tu aliyetoa, Adan, mtoto wa baba yake mdogo, ambaye aliwahi kupandisha kundi lake kwenye matuta ya mchanga kabla maji hayajafika. Adan naye alisitasita siku nne. Siku ya tano alimfungia ng'ombe mmoja jike mwekundu, mwenye mimba changa, aliyeitwa Dimtu kwa wekundu wake.

"Huyu atakushika mkono," Adan alisema.

Molu alimshukuru akamvuta Dimtu kwa kamba mpaka Garsen, mwendo wa kutwa. Mtu anayevuta ng'ombe mmoja kwa kamba hutazamwa njiani. Molu alikaza macho mbele.

Hata hivyo, ng'ombe mmoja ni ng'ombe. Kila kiangazi wazee wa malisho walikutana kugawana majani ya nyanda za chini, nani apeleke kundi wapi na aanze lini, na mwenye ng'ombe, hata akiwa na mmoja, alikaa mbele na kusema. Asiye na ng'ombe hakufukuzwa. Alikaa nyuma, akasikiliza, na chai ilipoletwa ndiye aliyeinuka kuigawa. Molu alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba na hakuwa tayari kugawa chai. Dimtu angezaa, ndama angekua, na yeye angeendelea kuitwa Molu Dado. Kila alichokifanya mwaka ule alikifanya kwa ajili hiyo.

Lakini Dimtu hakuwa na maziwa bado, na watu wawili lazima wale. Wakati huo kulikuwa na mkandarasi aliyeleta mashine Garsen kutengeneza barabara iliyochukuliwa na maji, na yadi yake ilihitaji mlinzi wa usiku. Msimamizi wa yadi alikuwa kijana wa Kipini aitwaye Farid, mwenye kofia ya kufuma na kalamu sikioni.

"Mzee wangu, kazi yenyewe ni ya usiku," Farid alimwambia. "Kuanzia saa kumi na mbili ya jioni hata saa kumi na mbili ya asubuhi. Utaweza kukesha?"

"Mimi nakesha tangu wewe hujazaliwa."

"Lakini hapa hakuna ng'ombe. Hapa ni greda, na tingatinga, na mapipa ya dizeli."

"Greda halipotei machungani," Molu alisema. "Basi kazi ni nyepesi zaidi."

Farid akacheka, akampa kabuti, tochi na firimbi.

Usiku wenyewe haukumpa taabu mwanzoni. Taabu ilikuwa mchana. Molu alifika nyumbani jua likichomoza, akanywa chai, na kabla hajaweka kikombe chini Dimtu alikuwa akilia kutaka malisho. Zamani ng'ombe wa mtu aliyekesha wangeingia kwenye kundi la jirani, wakarudi jioni wameshiba, na hakuna ambaye angesema ahsante kwa sababu halikuwa jambo la kushukuriwa. Majirani wa Molu sasa walikuwa fundi cherehani, muuza mitumba na mwashi. Watu wazuri, lakini ng'ombe kwao alikuwa nyama ambayo haijachinjwa. Wenye makundi walikuwa mbali, kwenye nyanda za kuelekea baharini. Kwa hiyo Molu alichukua fimbo akamtoa Dimtu mwenyewe, mwendo wa saa nzima kupita barabara kuu, mpaka kwenye majani yaliyoachwa na mafuriko, na kumrudisha saa nane.

Saa nane ndipo alipolala, au alipojaribu. Mabati yalikuwa yamekwisha pata moto na chumba kilikuwa kama chungu kilichofunikwa. Hatua kumi kutoka kitandani mwake palikuwa na mashine ya kusaga unga, nayo iliunguruma mpaka magharibi. Watoto walipiga mpira wa matambara ukutani. Na watu wa mji, wakimwona mwanamume amelala mchana, humdhania ni mgonjwa au mvivu, kwa hiyo waliingia kumwamsha, huyu ampe pole, yule amsute. Saa kumi na moja Abdia alimtikisa bega, na Molu aliamka hajui kama ni asubuhi ya leo au jioni ya jana.

Baada ya mwezi, ugali ukawa hauna ladha mdomoni mwake. Aliswali alasiri, akasimama, akasahau kama ameswali, akarudi tena kwenye mkeka. Alimfokea Abdia kwa sababu ya chumvi, yeye ambaye kwa miaka thelathini hakuwahi kumpandishia sauti. Siku moja machungani aliona kundi kubwa linakuja kwenye vumbi, ng'ombe weupe kwa wekundu, na akasimama kuwapisha. Hapakuwa na kitu.

Mlinzi wa mchana pale yadi alikuwa Kaviha, Mpokomo wa Kinakomba aliyehamia Garsen na kulima kipande cha shamba kando ya mto. Walipokezana langoni asubuhi na jioni. Mchana mmoja Kaviha alikuwa na ruhusa akashinda shambani, na kesho yake asubuhi alimkuta Molu ameegemea nguzo.

"Molu, ng'ombe wako jana amekula mahindi yangu, mistari mitatu."

"Ng'ombe hajui kusoma. Ungeweka bango."

"Bango nimweke nani alilinde? Mwenye ng'ombe alikuwa chini ya mti wa mkoma, mdomo wazi, nzi wanaingia na kutoka. Nilidhani maiti."

"Ungeniamsha."

"Nilikuhurumia. Zamani ningekushtaki kwa wazee, ukatoa mbuzi, tukamla pamoja, ugomvi ukaisha. Sasa wewe utatoa nini? Firimbi?"

Molu akacheka bila kupenda. Kaviha alimtazama usoni kwa makini, kisha akaacha mzaha.

"Nisikilize, Mworma. Sisi watu wa jembe tunajua kulinda usiku. Mpunga ukikaribia kuiva viboko wanatoka mtoni, na baba yangu alikesha kwenye dungu miezi miwili, kila usiku. Lakini mchana alikuwa sultani. Alikula wali kidogo, akaingia chumba cha nyuma, na kijiji kizima hakikutwanga upande ule. Mwanamke akipiga mchi karibu na mlinzi aliyelala, alisemwa mpaka mtoni."

"Na siku hizi?"

"Siku hizi mke wangu mwenyewe ananifungulia redio." Kaviha alitema mate kando. "Fanya hivi. Ukitoka hapa, lala papo hapo. Jua lisikukute nje, maana mwili ukishaliona jua unadhani siku imeanza, na usingizi huupati tena. Ziba dirisha kwa blanketi. Chai ya usiku isipite saa sita. Na huyo ng'ombe mwache."

"Nimwache wapi?"

"Sijui. Lakini mtu ana mwili mmoja. Hawezi kuchunga mchana na kulinda usiku."

"Ng'ombe huyo ndiye anayenifanya mtu."

"Basi utakufa ukiwa mtu," Kaviha alisema, akaenda kufungua lango.

Molu hakumwacha Dimtu. Alifikiri siku mbili, kwa kichwa kile kilichochoka, na wazo lililomjia lilimpendeza mno hata akashangaa kwa nini hakuliona mapema. Ikiwa hawezi kulala mchana, na alale usiku kule kule kazini, usingizi wake ule wa zamani. Kilichokosekana ni ng'ombe tu. Masikio yake hayakuwahi kulinda mashine; yalilinda ng'ombe, na ng'ombe ndiye aliyemlindia mengine yote. Alete Dimtu, amfunge nje ya ua wa yadi upande wa mapipa, atandike ngozi ndani ya ua, mgongo wake uwe karibu na mbavu za ng'ombe. Kitu chochote kikija, Dimtu ataacha kucheua, na Molu atakuwa wima.

Abdia alipomwona anamtoa ng'ombe magharibi aliuliza, "Unampeleka wapi?"

"Kazini."

"Naye ameandikwa?"

"Atafanya kazi kuliko mimi," Molu alisema.

Usiku wa kwanza alilala kama alivyokuwa hajalala tangu mafuriko. Alimsikia Dimtu akiinuka, akamsikia akilala, akasikia cheuo likipanda na kushuka. Saa tisa Dimtu alinyamaza. Molu alikuwa kwenye miguu yake, tochi mkononi, na mwanga wake ukayakuta macho ya fisi wawili upande wa jaa la mji. Akawafukuza kwa firimbi, akarudi kwenye ngozi. Asubuhi alimwambia Kaviha, "Umeona? Wapokomo mlikaa juu ya madungu bure."

Kaviha hakupenda. "Fisi haibi dizeli," alisema.

Siku kumi na nane zilikwenda hivyo. Chakula kikawa chakula. Molu alimchunga Dimtu mchana akiwa macho, hakuingia tena shamba la mtu, na tumbo la ng'ombe lilianza kuonekana. Jioni akiwa njiani kwenda kazini, kamba mkononi, alitembea kama mtu anayehamisha kundi. Watoto wa mtaani walimwita Mzee wa Ng'ombe Soja, naye hakukasirika.

Usiku wa kumi na tisa pikapu ilikuja taa zimezimwa. Mnyororo wa lango ukakatwa. Watu wakaingia, wakapita hatua kumi kutoka alipolala, wakaviringisha mapipa manne ya dizeli juu ya ubao mpaka ndani ya gari, wakafungua betri ya greda kwa spana, wakaondoka. Dimtu aliwatazama. Tangu aletwe Garsen alikuwa ameona watu na magari usiku na mchana, na hawakuwahi kumfanya kitu. Aliwatazama akicheua. Na Molu, upande wa pili wa ua, alisikia cheuo likipanda na kushuka, likipanda na kushuka, akalala usingizi mtamu kuliko wote aliolala mwaka ule.

Asubuhi Farid alisimama mbele ya alama za matairi, kalamu sikioni. Kaviha alijitenga langoni.

"Mzee wangu," Farid alisema, "hukusikia gari?"

"Nilisikia."

"Ulisikia?"

"Nilisikia gari usingizini. Lilikuja, likazima, likawaka, likaenda. Ng'ombe alikuwa anacheua."

"Ng'ombe ahusika na nini?"

"Angeacha kucheua, ningeamka."

Farid aliketi juu ya pipa lililobaki. Alikuwa mtoto wa wavuvi na hakujua lolote la ng'ombe, lakini alijua kumsikiliza mzee mpaka mwisho, na Molu alimweleza yote, zizi, fisi, masikio, bila kujitetea, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda mahali. Alipomaliza, Farid alisema polepole:

"Sasa huyu ng'ombe wako haogopi mwizi. Atamwogopaje? Huyu ni ng'ombe wa mji."

Neno hilo lilimwingia Molu kuliko matusi. Alimgeukia Dimtu upande wa pili wa ua, akamwona anajikuna shingo kwenye nguzo ya seng'enge, ametulia, na akajua kwamba kijana amesema kweli.

"Nitaandika ofisini kwamba walikuwa wengi, tena na bunduki," Farid alisema. "Barabara hii kila mtu aijua kwa majambazi, hakuna atakayeuliza. Lakini huo ni uongo mmoja, mzee, na wa pili sina. Ng'ombe nisimwone hapa tena. Na usiku nikipita nikukute umekaa, macho wazi. Mchana lala. Ukishindwa, nitamweka mwengine, na roho itaniuma, lakini nitamweka."

Nyumbani Abdia alimsikiliza akiwa anachambua mchele, na hakuacha kuchambua.

"Nimeshasikia," alisema. "Mji mzima umesikia. Sasa?"

"Sijui."

"Unajua, Baba Kadra. Kadra yuko Hola kwa mumewe, hatuna mwingine wa kumchunga. Ukibaki na ng'ombe utalala kazini, utafukuzwa. Ukifukuzwa tutamla ng'ombe huyo huyo. Mrudishe kwa Adan."

"Ng'ombe wa kuinuliwa harudishwi, Mama Kadra. Nani aliwahi kumrudisha?"

"Wala mwanamume kulala mchana kama paka haijapata kutokea. Tumeshaiona."

Molu alijua desturi inasemaje, na alipoifikiria vizuri aliona ndani yake mlango. Ng'ombe aliyetolewa kumwinua mtu akirudishwa, aliyemtoa hana ruhusa ya kumpokea. Ni aibu kwake, ni kama kula matapishi yake. Atakataa. Atauliza, una shida gani? Na akiambiwa shida ni mchungaji, atasema, ng'ombe wako na akae ndani ya kundi langu, yeye na uzao wake ni wako, njoo umtazame upendapo. Hivyo ndivyo Adan atakavyosema. Baba yake Adan angesema hivyo kabla mgeni hajakaa chini.

Kaviha alikubali kumshikia zamu ya usiku mmoja, na Molu akamvuta Dimtu kwa kamba kurudi alikotoka.

Alifika alasiri. Adan alikuwa na simanzi ya heshima usoni, kwa maana habari ya wizi ilikuwa imemtangulia. Walisalimiana, lakini salamu zilikuwa fupi. Zamani watu wawili wa ukoo mmoja waliulizana habari za ng'ombe kwanza, kisha majani, kisha maji, kisha watoto, na jua lilisogea. Adan aliuliza habari za safari, habari za kazi, basi. Molu akaeleza kwamba hana mtu wa kumchunga Dimtu. Alieleza kirefu, akimpa mwenzake nafasi kila baada ya sentensi mbili.

"Umefanya vizuri kumleta sasa," Adan alisema. "Tumbo likiwa kubwa asingeweza mwendo huu."

Akamwita mchungaji, na Dimtu akafunguliwa kamba akaingia kundini. Hakugeuka nyuma. Baada ya kitambo kidogo Molu hakuweza kumtenga na wekundu wengine.

Alilala pale usiku ule. Waliletewa maziwa, wakazungumza bei ya dawa za mifugo na habari za majambazi barabarani. Molu alingoja neno la mimba, kwamba ndama ni wake. Alidhani litakuja baada ya maziwa, kisha akadhani litakuja baada ya swala ya isha, maana wakati huo ndio mambo mazito husemwa. Adan alipiga miayo akaaga. Asubuhi Molu alingoja tena, akijifanya anatengeneza kamba ya kiatu. Adan alimpa sukari kilo mbili ampelekee Abdia, akamsindikiza mpaka kwenye kichaka cha kwanza, na njia nzima alizungumza kwa upole sana, kama anavyozungumza mtu na mjane. Ndama hakutajwa. Molu angeweza kuuliza. Lakini kitu kama hicho mtu hakiulizi, na Adan alijua kwamba hataulizwa.

Tangu siku hiyo Molu alifuata maneno ya Kaviha yote. Alitundika blanketi mbili dirishani, akaziba na tundu la mabati kwa tambara. Asubuhi alitembea kutoka yadi ameinamisha kichwa chini ya kofia ili jua lisimwone. Alikula kidogo akalala. Wiki ya kwanza mwili ulikataa, wiki ya pili ukabishana, wiki ya tatu ukakubali. Mashine ya unga ilinguruma na hakuisikia. Mpira ulipiga ukuta na hakuusikia. Masikio nayo yalikuwa yamejifunza kulala. Abdia alipotaka kumwamsha kumtikisa bega hakukutosha, ilibidi amkalishe. Usiku alikaa kwenye kiti cha Farid, mgongo wima, macho wazi, akilimulika greda kwa tochi kila nusu saa. Farid alipita mara tatu bila taarifa akamkuta hivyo hivyo, na mwisho wa mwezi alimwandikia ofisini kwamba mlinzi huyu ni hodari, afikiriwe akihitajika mtu wa kudumu.

Kiangazi kikaingia. Jioni moja Abdia alimkalisha kitandani, akampa maji ya kunawa uso, akangoja mpaka macho yake yakae sawa.

"Wazee wa malisho walikuwa hapa mjini leo," alisema. "Wamekaa tangu saa tatu asubuhi kwenye uwanja wa mnada. Sasa hivi ndio wametawanyika."

Molu alifuta uso. "Wamegawa?"

"Wamegawa."

"Adan alikuwepo?"

"Alikuwepo. Alipita hapa asubuhi, akaniuliza uko wapi. Nikamwambia umelala, ngoja nikuamshe. Akasema hapana, mwache alale, ana kazi usiku."

"Ungeniamsha."

"Ningekuamsha uende ukaseme nini?"

Alisema bila ukali. Molu alivaa kabuti, akachukua tochi na firimbi. Nje wazee wawili wa mwisho walikuwa wakivuka barabara na fimbo zao mabegani, wakibishana kuhusu visima, na mmoja wao, Omar, aliyewahi kuchunga pamoja naye ujanani, alimwinulia mkono kwa mbali bila kusimama. Molu naye aliinua wake.

Kaviha alikuwa amekwisha fungasha vitu vyake langoni.

"Umelala?" aliuliza, kama alivyouliza kila jioni.

"Nimelala."

"Vizuri?"

"Vizuri sana," Molu alisema, akapokea funguo.